Sanduku la Bibi na Picha ya Ukutani

Habari za kifo cha Aga Khan zilitukuta vimbwetani, Jumanne usiku, tarehe 4 Februari 2025. Tulikuwa sita, tunabukua. Mmoja akatoa simu akasoma kwamba Mtukufu Karim Aga Khan amefariki Lisbon, Ureno, akiwa na miaka 88. Kitabu kikafungwa, mjadala ukaanza. Huyu anasema ndiye yule mwenye hospitali pale baharini. Yule anasema hata gazeti la Mwananchi ukilifuatilia utaishia kwake. Wa tatu akasema yeye hajawahi kusikia kiongozi wa dini anayefuga farasi wa mashindano, tena Ulaya, na kwamba hiyo dini ingekuwa ya kwao angeshaokoka.

Watu wakacheka. Mimi, kwa sauti ambayo sasa naionea haya, nikasema kwetu Nachingwea picha ya huyo mzee ilitundikwa dukani mwa mtu aliyemdhulumu babu yangu akiba yake yote, kwa hiyo mimi sina chozi la kumwaga.

Nilijiona nimesema kitu kizito. Rumeti wangu akanitazama tu, halafu akauliza pole pole: "We si ndiyo ulilipiwa ada na kikundi cha bibi yako? Kile mlicholetewa na watu wa Aga Khan?"

Nilinyamaza. Ni kweli. Mwaka wa kwanza jina langu halikuwemo kwenye awamu ya kwanza ya mkopo, na muda wa kujisajili ulikuwa unayoyoma. Bibi alikopa laki nne na nusu kwenye kikundi chake cha kuweka akiba na kukopa, akaniwekea kwenye simu usiku, akaniambia nisimwambie babu zimetoka wapi. Nilidhani ni mambo ya wazee tu. Sikuuliza.

Wiki hiyohiyo tukapewa asainmenti ya muhula unaofuata: andika maisha ya kiongozi wa dini aliyekuwa na nguvu katika siasa. Mhadhiri aligawa majina kwa bahati nasibu. Wengine walipata maaskofu, mwingine akapata Ayatollah Khomeini akafurahi kweli kwa sababu vitabu vipo tele. Mimi nikaangukiwa na Sultan Muhammad Shah, Aga Khan wa Tatu, babu yake huyu aliyefariki. Rumeti akasema hiyo ni kazi ya Mungu.

Basi nikaingia maktaba. Jambo la kwanza nililolazimika kulinyoosha kichwani ni Ushia wenyewe, maana sisi tuliosoma madrasa za Nachingwea tukisikia Shia tunafikiria Iran na siku ya Ashura, tunaishia hapo. Mashia wote wanaamini kwamba baada ya Mtume uongozi ulikuwa haki ya Imam Ali na kizazi chake. Walipofika kwa Imam Jaafar Sadiq njia zikagawanyika. Waliomfuata mwanawe Musa ndio Ithnaashari, ambao imamu wao wa 12 yuko ghaibu. Waliofuata ukoo wa mwanawe mwingine, Ismail, ndio Maismailia, na wao imamu wao yupo, anaonekana, anapiga simu. Sultan Muhammad Shah alikuwa wa 48, mjukuu wake Karim wa 49, na sasa amekaa Rahim, wa 50.

Na ukoo huo umewahi kutawala kwelikweli. Makhalifa wa Kifatimi, walioujenga mji wa Cairo na kuitawala Misri kuanzia mwaka 969 hadi 1171, ndio mababu wanaotajwa kwenye nasaba yao. Baadaye sana, Uajemi, Hasan Ali Shah alipewa jina la Aga Khan na Fath Ali Shah, mfalme wa ukoo wa Qajar, akaozwa binti wa mfalme, akawa gavana wa Kerman. Akagombana na mfalme aliyefuata, akaasi, akashindwa, na mwaka 1841 akavuka kwenda Afghanistan. Huko akawakuta Waingereza wana vita vyao, akawasaidia, na mwisho akatulia Bombay akilipwa pensheni. Mwaka 1866 Mahakama Kuu ya Bombay ikaamua kesi ya Makhoja waliokuwa hawataki kumlipa zaka. Jaji Mwingereza, Mkristo, akakaa na nyaraka za miaka mia kadhaa akahukumu kwamba hawa ni Maismailia na huyu ndiye imamu wao. Hapo nilisimama kidogo. Mtu aliyepoteza nchi amepewa watu wake na mahakama ya wakoloni. Nadhani ukilishika hilo, mengi ya mjukuu wake unayaelewa.

Mjukuu huyo alizaliwa Karachi mwaka 1877 na akawa imamu mwaka 1885, hajatimiza hata miaka minane. Aliyemlea na kuzisimamia mali ni mama yake, ambaye naye alikuwa mjukuu wa Fath Ali Shah. Alipokua hakudai nchi kwa upanga kama babu yake. Aliingia kwenye vyumba. Mwaka 1906 aliongoza ujumbe wa Waislamu kwa gavana mkuu wa India kule Simla kudai viti vyao vya uchaguzi, akawa rais wa kwanza wa Muslim League. Vita vya 1914 vilipolipuka alikuwa huku kwetu Afrika Mashariki, na mara moja akawaambia wafuasi wake wawe upande wa Mwingereza. Sultani wa Uturuki alipotangaza jihadi, Aga Khan akasimama hadharani kuipinga. Mwaka 1937 akakalia kiti cha urais wa Baraza la Mataifa kule Geneva. Hakuwa na jeshi wala mpaka wa nchi, na hata hivyo wafalme na mawaziri wakuu walimfungulia mlango.

Niliandika kurasa nane. Zilikuwa safi, na nilipozisoma nikaona haziniambii chochote kuhusu lile swali la rumeti. Likizo fupi ilipofika mwezi Machi nikapanda basi.

Safari ya kusini mnaijua au mmeisikia. Kibiti, Nangurukuru, Mnazi Mmoja, halafu unaacha bahari mgongoni. Baada ya Mtama unapita Mahiwa, ambako Oktoba 1917 Wajerumani na Waingereza walichinjana siku nne, na miongoni mwa waliokufa upande wa Mwingereza walikuwemo askari kutoka Nigeria. Nilikuwa nimepita hapo maisha yangu yote nikila korosho dirishani. Safari hii nilifikiria yule imamu na tamko lake la 1914, na wapagazi wa Kimwera ambao hakuna aliyewauliza wako upande gani. Nanganga tukakata kulia kwenda Ruangwa, kwa wajomba zangu, nikalala usiku mmoja. Kesho yake Nachingwea.

Babu yangu anaikaribia miaka 80. Huwa ananiita mchumba, na bibi ananiita mke mwenzangu, kwa hiyo ukifika kwao unapokewa na ugomvi. Nilisubiri tumalize ming'oko na chai ndipo nikamwambia nataka anieleze habari za dukani. Akauliza, "Wamekutuma chuo?" Nikasema ndiyo. Akasema basi andika.

Baba yake babu alikuja kung'oa visiki kwenye mradi wa karanga, ule ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 wakauacha 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Karanga hazikuota kama walivyotaka, ila mji ukabaki, na reli, na maduka. Babu aliingia dukani mwaka 1957, mtoto wa miaka 12 hivi, kufagia na kupima sukari. Anakumbuka mwezi wa saba mwaka huohuo duka lilifungwa ghafla na mwenye duka alikaa ndani analia kama mwanamke, ndivyo anavyosema yeye. Sultan Muhammad Shah alikuwa amefariki. Mwezi wa kumi mwenye duka akapanda treni mpaka Mtwara, kutoka hapo meli mpaka Dar es Salaam, kwenda kumwona imamu mpya akisimikwa, kijana wa miaka 20 aliyekuwa bado anasoma Harvard. Imamu aliyefariki alikuwa amempita mwanawe mwenyewe akamchagua mjukuu. Aliporudi, mwenye duka alikuja na picha mpya, akaitundika karibu na ya zamani.

"Ile ya zamani mzee mnene," babu akasema. "Alituambia huyu alipimwa na almasi. Mimi nikawa naangalia mizani yetu ya karanga, najiuliza, atakaa wapi?"

Hilo la almasi ni kweli, nilishalisoma. Mwaka 1946, kutimiza miaka 60 ya uimamu, alipimwa Bombay mwezi Machi na Dar es Salaam mwezi Agosti, zaidi ya kilo 100 za mtu mzima upande mmoja na masanduku ya almasi upande wa pili. Wengi wetu tunaujua ukumbi wa Diamond Jubilee Upanga kwa harusi na mikutano, hatujiulizi jina limetoka wapi. Fedha zilizochangwa hazikwenda mfukoni. Ziliingia kwenye mfuko wa kukopesha wafuasi wake nyumba na mitaji, Diamond Jubilee Investment Trust, ambayo leo ni benki ya DTB. Kwa hiyo yule mwenye duka, babu anavyokumbuka, alianza biashara Nachingwea kwa mkopo wa jumuiya yake, na deni alilipa kila mwezi bila kukosa.

Nikamuuliza babu kama na wao Waswahili walipata chochote. Akafikiri. Akasema mwalimu wake wa madrasa alikuwa akitaja jumuiya ya Waislamu ya Mombasa iliyojenga shule na misikiti. Hiyo ni East African Muslim Welfare Society, aliyoianzisha Aga Khan mwaka 1945 kwa sharti moja: Waislamu wa Afrika wakichanga pauni, na yeye anatoa pauni. Wenyewe walikuwa Masunni, na yeye Shia, na hakuwataka wabadilike. Mimi hapo nilimpenda kidogo, siwezi kuficha. Ila jumuiya ile nayo haikufika mbali. Mwaka 1968 serikali yetu iliipiga marufuku na BAKWATA ikazaliwa. Kuna wazee mpaka leo ukiwagusia mwaka huo wanabadilika uso, na mimi sitaingia huko, makala hii ni ya kurasa chache.

Turudi dukani. Kuanzia 1966 babu alipandishwa, akawa anakaa kaunta. Kila mwisho wa mwezi mwenye duka alimkata shilingi 10 akamwekea, kwa ridhaa yake. Zikaandikwa kwenye daftari jekundu, kwa Kigujarati, ambacho babu alikuwa anakisikia kidogo lakini hakukisoma. Ilikuwa kawaida. Benki ilikuwa mbali, na mtu aliyelipa deni la jumuiya yake bila kukosa alionekana mtu wa kuaminika. Wateja wao wakati huo walikuwa hata vijana wa FRELIMO kutoka kambini, wakija kununua sabuni na viberiti.

Aprili 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Jengo la duka lilikuwa dogo, halikuguswa, ila ndugu zake wa Dar walipoteza nyumba zao. Aga Khan mpya alikuwa amewahimiza wafuasi wake wachukue uraia wa nchi hizi na wakae, na wengi walichukua, na mmoja wao, Al Noor Kassum, akaja kuwa waziri wa Nyerere kwa miaka mingi. Mwenye duka letu naye alikuwa raia. Aliogopa hivyohivyo. Asubuhi moja, mwezi ambao babu anaukumbuka kwa sababu mikorosho ilikuwa imetoa maua, alifika akakuta mlango umefungwa. Akasubiri mpaka adhuhuri. Balozi wa TANU alipokuja kufungua, ndani kulikuwa na magunia matupu, picha mbili za Aga Khan, na picha ya Mwalimu. Daftari halikuwepo.

"Sitini na nne," babu akasema. Nilidhani mwaka. Kumbe miezi. Miezi 64, shilingi 640. Wakati huo, anasema, angenunua baiskeli mpya na bati za nyumba, na huenda angemwoa bibi miaka miwili mapema.

Nikamwambia lakini babu, Aga Khan hakuchukua hela yako. Alichukua mwenye duka, na huenda naye alikuwa anakimbia tu. Akasema, "Najua. Lakini mwenye duka simjui alikokwenda. Yule wa kwenye picha ndiye namjua."

Sina jibu la hilo hata leo. Kwenye kurasa zangu nane nilikuwa nimeandika kwamba nguvu ya Sultan Muhammad Shah ilitokana na kuwaweka watu wake pamoja, wakikopeshana, wakisomeshana, kila mmoja akibeba jina lake. Sikuwa nimefikiria kwamba jina likibebwa na kila mmoja, na deni la kila mmoja linaandikwa kwa jina hilo.

Sasa sanduku. Mfuko wa Aga Khan ulianza mradi wake wa vijijini mikoa ya Lindi na Mtwara mwaka 2009, mpunga, ufuta, shule, na vikundi vya akiba. Bibi alipotaka kujiunga, babu alisikia jina akasema hapana, nyumba hii ilishatoa. Bibi hakubishana. Kwa mwaka mzima alikuwa anaaga anakwenda kwa shoga yake. Babu alipogundua hawakusemeshana kuanzia kupalilia mpaka kuvuna, na anayesimulia sehemu hii kwa raha ni bibi mwenyewe.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "mimi sikuchukua hela ya mtu. Walileta sanduku na maneno. Hela za kwetu."

Ni sanduku la bati, la bluu, na lina kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo wanawake watatu tofauti, na sanduku anakaa nalo wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Kila wiki kabla ya chochote hela inahesabiwa kwa sauti, kila mtu anaisikia, na kila mmoja ana kitabu chake ambamo hisa zinapigwa mhuri, sio kuandikwa, ili hata asiyejua kusoma ajue anazo ngapi. Nilipoligeuza lile sanduku niliona kabisa ni dawa ya daftari jekundu. Nilitaka kumwambia babu hivyo, nikaogopa.

Alhamisi wakakutana barazani kwa bibi kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Wanawake 19 na wanaume wanne. Babu akaingia chumbani akafunga mlango akasema analala. Dirisha la chumba hicho linatazama barazani, na halina kioo.

Nilikaa pembeni na daftari langu. Wenye funguo wakafungua. Mhesabuji akaanza, elfu kumi, elfu ishirini, taratibu, anapanga noti kwenye beseni, mvua inapiga bati. Akafika mwisho akataja jumla, na katibu akasema ndiyo, sawa.

Sauti ikatoka dirishani. "Bado hamsini."

Watu wakageuka. Bibi akajifanya hajasikia. "Elfu hamsini," babu akasema tena, ndani, gizani. "Wiki iliyopita mlifunga na ngapi? Leo wameingiza ngapi? Toa na aliyekopa. Bado hamsini."

Mhesabuji akarudia, noti moja moja. Katibu akafungua kitabu chake, akakokotoa kwa kidole, midomo inacheza. Zilikuwa zimepungua elfu hamsini. Zilipatikana zimejikunja chini ya beseni, zimelowa.

Bibi akasema bila kugeuka, "Mzee, si umelala?"